Mlango wa Mama Lucky

Mama Lucky alirudi kutoka Chekereni na gunia lake la mpunga, jua la bondeni bado limemkaa usoni, na kabla hajafika nyumbani akapitia kwenye duka la intaneti la Remigius, pale Marangu Mtoni, kuangalia kama amepata wageni. Akaketi mbele ya kompyuta, akaandika jina lake, kisha neno lake la siri, herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama mtu anayepanda maharage. Kompyuta ikamkataa. Akaandika tena, taratibu zaidi. Ikamkataa tena.

"Remigius," aliita, "mashine yako imenisahau."

"Mashine haimsahau mtu, mama. Labda wewe umelisahau neno."

"Neno nililotunga mwenyewe nitalisahauje? Niitie Tabitha."

Tabitha alikuja akijifuta povu la kufulia mikononi. Alikuwa binti wa maneno machache. Mbele ya watu zaidi ya wawili sauti yake ilirudi tumboni. Lakini tovuti ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Kahawa ilipoanguka bei na watu wakaanza kung'oa mibuni, wanawake wa migombani waliungana kupokea wageni wanaoshuka mlimani, kila mmoja nyumbani kwake, kwa mtori wa ndizi na kitanda safi. Mwanzoni wageni waligawiwa na Theodory, wakala wa mjini Moshi, naye aligawa kwa anayemchekea. Ndipo Tabitha, aliyekuwa amesoma kozi ya kompyuta mjini, juu ya duka la vipuri, akawatengenezea tovuti yao wenyewe. Mgeni huko Ulaya anachagua nyumba. Mwenye nyumba anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anajibu kama ana nafasi au hana, na kama hana, anabonyeza mahali pa kumpitisha mgeni kwa jirani. Mwaka huo wa 2004 ulikuwa msimu wao wa pili bila Theodory.

Tabitha alifungua kwa ufunguo wake wa fundi, ule unaofungua nyumba zote, akampa Mama Lucky neno jipya. Wakaingia. Na hapo wote wawili wakaona. Familia ya Wadenmaki, baba, mama na watoto, ilikuwa imeomba kukaa kwa Mama Lucky wiki mbili nzima. Na Mama Lucky, ambaye muda wote huo alikuwa shambani anavuna mpunga, alikuwa amejibu kwamba hana nafasi, akawapitisha kwa Mama Shedrack.

"Hao ndio wale watoto weupe waliokuwa wanakimbiza kuku kwa Mama Shedrack," Mama Lucky alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Nimewaona nikishuka kwenye gari sasa hivi. Nikawapungia mkono." Akamgeukia Tabitha. "Neno langu analijua nani?"

"Ni wewe tu. Mimi siwezi kulisoma. Likiingia linasagwa kama kahawa; ukishaona unga huwezi kurudisha punje."

"Lakini umeniwekea jipya hapa, nikikuona."

"Kuweka jipya naweza."

"Kwa hiyo kuingia kwangu unaweza."

Tabitha angeweza kuzungukazunguka. Akasema, "Naweza."

"Na Mama Shedrack ni mama yako wa ubatizo."

"Ni mama yangu wa ubatizo."

"Basi," alisema Mama Lucky, akajitwisha mpunga wake.

Habari ilipanda mlima haraka kuliko gari. Jioni ile ile Mama Ebenezeri, mwenyekiti wa kikundi, alimwita Tabitha kibarazani kwake. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba Jumapili, baada ya ibada na misa, wanakikundi watakutana pale pale kwa Remigius, na kwamba Theodory ameshapiga simu kusema yuko tayari kuwapokea tena. "Wanasema bora mwizi unayemjua," alisema. "Mimi sisemi hivyo. Lakini mwanangu, kama huna la kuwaonyesha siku hiyo, tovuti tunaifunga, na kazi yako hapa itakuwa imekwisha."

Nyumbani, shangazi yake Dominika, aliyemlea, alikuwa ameshasikia. Alikuwa kibandani akimenya ndizi za kupika, maganda yakimzunguka miguuni.

"Kata jani la sale pale mpakani," alimwambia. "Nenda nalo kwa Mama Lucky asubuhi, mapema, kabla hajatoka. Akiliona hawezi kukufukuza. Hakuna mtu wa huku anayekataa sale."

"Sale ni la kuomba msamaha, shangazi."

"Ndiyo, ili yaishe."

"Nikipeleka sale nimekubali kwamba niliingia kwake. Sikuingia."

"Kuwa na haki ni kitu kimoja, Tabitha. Kuishi na watu ni kingine."

"Nitaishi nao nikiwa na haki yangu," alisema Tabitha, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kujibu, wote wawili walishtuka kidogo.

Asubuhi alikwenda kwa Remigius akakaa kwenye kompyuta ya pembeni kabisa. Aliamua kufanya kama watu wafanyavyo mnyama akiingia na kula mbuzi: humtafuti mnyama kwanza, unauzunguka uzio. Ufunguo wake wa fundi hakuutumia kabisa. Alijifanya mtu baki, mtu wa njiani tu, anayetaka kuingia kwa Mama Lucky.

Mlango wa mbele ulikuwa imara. Alijaribu maneno mengi ya kubahatisha, na baada ya machache mfumo ukamfungia nje kwa muda, kama alivyouagiza mwenyewe ufanye. Alijaribu kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa ndani, ukamrudisha mlangoni. Alijaribu kuingiza alama mbovu mahali pa jina, zikakataliwa. Kila kona aliyoikuta imeziba ilimpa furaha kidogo na hofu zaidi, kwa maana kama uzio wote ni mzima, aliyebaki ni yeye.

Kisha akafika chini ya ukurasa, kwenye maneno madogo aliyoyaandika mwenyewe: Umesahau neno lako la siri? Akabonyeza. Mfumo ukataka jina la mwenye nyumba. Akaandika Hilda. Hata yeye aliyewasajili wote ilimbidi afikiri kwanza, maana ni wachache waliomwita Mama Lucky kwa jina la Hilda tangu ajifungue.

Mfumo ukauliza: Jina la mtoto wako wa kwanza ni lipi?

Tabitha alitoa mikono kwenye kibao cha herufi, akaiweka mapajani.

Swali lile alilikuta kwenye mifano ya darasani, kule juu ya duka la vipuri, akaliona jepesi na zuri, swali ambalo hakuna mama atakayelisahau. Na kweli hakuna atakayelisahau. Wala muuza nyama hatalisahau, wala mchungaji, wala watoto wa shule wanaopita njiani wakiamkia, shikamoo Mama Lucky. Aliandika jibu. Mlango ukafunguka, ukamkaribisha atunge neno jipya.

Akafanya vivyo hivyo kwa Mama Shedrack, kwa Mama Ebenezeri, kwa mwanakikundi mmoja hadi mwingine. Hakubadilisha kitu, alifungua, akachungulia, akarudishia. Hakukuwa na nyumba iliyomkataa.

"Umepauka," Remigius alisema akipita na fagio. "Umeona mzimu?"

"Nimeona kazi yangu," alisema Tabitha.

Angeweza kukimbia saa ile kwa Mama Ebenezeri na kusema amepata. Lakini kupata tundu si kuziba tundu, na wanawake wale hawakuhitaji kuambiwa kwamba mlango wao ni mbovu, walihitaji mlango. Akatafuta swali lingine. Na kwa kuwa mtihani hufanywa na mtahini mgumu, alirudi nyumbani akakaa na shangazi yake jikoni, akachukua kisu akamsaidia kumenya.

"Shangazi, mama yake Mama Lucky anaitwa nani?"

"Anaeli. Si yule binti wao wa pili anaitwa Anaeli? Wa kwanza kapewa jina la bibi wa upande wa baba, wa pili la bibi wa upande wa mama. Hujui hata hilo?"

Tabitha alikuwa analijua. Kila mtoto wa mlimani ni babu au bibi aliyerudi. Ukiwahesabu watoto wa nyumba umewajua wazee wa pande mbili. Akalitupa swali lile pamoja na maganda.

"Mama Shedrack alisoma shule gani?"

"Ile ya misheni, naye tulikaa dawati moja. Aliniibia kalamu."

"Ng'ombe wake wa kwanza aliitwaje?"

"Furaha. Alikuwa mkali, hakuna aliyefurahi." Shangazi alicheka peke yake. "Kwa nini unaniuliza mambo ambayo kila mtu anayajua?"

"Natafuta asilolijua mtu. Kitu cha Mama Lucky ambacho ni yeye peke yake anakijua."

Shangazi Dominika aliweka kisu chini, akafikiri kwa haki kabisa. "Alichokula leo asubuhi," alisema mwishowe. "Na hicho mpaka saa nne."

Tabitha hakucheka. Aliinua macho akatazama bandani, alikosimama ng'ombe mwekundu akitafuna migomba. "Na yule ng'ombe," aliuliza, "ambaye si wetu. Mwenyewe akifa kesho, na watoto wake wakija kumdai, tutajuaje kwamba ni wao kweli? Tutawauliza swali?"

"Swali la nini? Mzee alipomleta tumfugie, alikuja na shahidi wake, nasi tukaita jirani. Wakija watoto, watakuja na wale wale wawili. Watasema, tulikuwepo. Hakuna zaidi."

"Na kama shahidi mmoja ni mwongo?"

"Ndiyo maana ni wawili. Na uongo wake utakuwa na jina lake mpaka anazikwa."

Tabitha aliinuka na kisu bado mkononi.

"Ndizi hazijaisha," alisema shangazi.

"Zitanisamehe."

Alifanya kazi siku ile na iliyofuata. Umeme ulikatika mchana, akakaa nje ya duka la Remigius akiandika hatua zake kwa kijiti ardhini. Uliporudi akaingia ndani, akaendelea alipoishia. Swali akaling'oa lote, pamoja na majibu yaliyokuwa yametunzwa. Mahali pake akaweka hivi: mwenye nyumba akisahau neno lake, anaomba, na mlango unabaki umefungwa. Wanakikundi wengine wawili, wasio wa nyumba yake, lazima wawe wamemwona kwa macho kisha waingie kila mmoja kwa neno lake na kuandika: namjua, ndiye. Hapo tu mlango unafunguka, na majina ya mashahidi wake yanaonekana na kikundi kizima.

Alipomaliza alijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Maana ulikuwa umebaki ufunguo mmoja usiouliza swali wala shahidi, nao ulikuwa wake. Mama Lucky hakukosea kuhusu ufunguo ule. Tabitha aliukodolea macho mchana kutwa wa Jumamosi, akijua kwamba akiufunga na wanawake wasimwamini, hatakuwa na njia ya kurudi ndani ya kazi yake mwenyewe. Kabla ya Remigius kufunga duka, akaufunga.

Jumapili mvua ilianza wakati watu wanatoka kanisani, wakaingia wakikung'uta vitenge. Wakabanana kwenye mabenchi, Walutheri na Wakatoliki, wakinong'ona. Mama Shedrack alikaa karibu na mlango, mkoba wake mapajani, hakumtazama Tabitha. Mama Ebenezeri aliomba, kisha akasema, "Tabitha, zungumza."

Tabitha alisimama. Sauti ikaanza kwenda kule inakokwenda siku zote. Akaiacha iende, akamgeukia mtu mmoja tu.

"Mama Lucky, naomba wewe ukae kwenye kompyuta."

"Mimi? Ili niseme niliiba mwenyewe?"

Watu wakacheka kidogo. Tabitha alivuta kiti. "Hii ni tovuti kama ilivyokuwa juzi, nimeiweka pembeni ili mwone. Kaa. Andika jina la mama mwenyekiti. Neno lake la siri unalijua?"

"Nitalijulia wapi?"

"Basi bonyeza pale chini, kwa aliyesahau. Nisomee inachouliza."

Mama Lucky alibonyeza, akainamia kioo. "Inauliza... jina la mtoto wako wa kwanza ni lipi." Akainua kichwa. Chumba kizima kikageuka kumtazama Mama Ebenezeri, aliyeitwa hivyo kwa miaka mingi kuliko umri wa nusu yao. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajiziba mdomo na khanga.

Mama Lucky aliandika, herufi kwa herufi. Mlango ukafunguka.

"Mae, mama yangu," alisema Mama Ebenezeri kwa sauti ndogo. "Hapo ndani kuna wageni wangu wa Krismasi."

"Swali nililichagua mimi," Tabitha alisema. "Nililichukua kwa watu wasioitana kama sisi, sikufikiri. Kila mmoja wenu alikuwa na mlango usio na kitasa. Kosa hilo ni langu, na haliondoki. Lakini kwa Mama Lucky sikuingia."

"Sasa nani aliingia?" aliuliza Mama Lucky, bado ameketi. Tabitha alikuwa na jibu moyoni tangu alipoliona swali, lakini kufikiri si kuona, na hakutaka kumfanyia mtu alichofanyiwa yeye.

Mvua ilipiga bati. Mama Shedrack alifungua mkoba, akaufunga.

"Mashine iliniuliza," alisema. "Nilikuja kuangalia wageni wangu, sikuwa nao. Nikasema ngoja nione wa Hilda, yuko Chekereni, labda kuna mtu anasubiri. Ikaniuliza mtoto wake wa kwanza. Nikajibu, ikataka neno jipya, nikaliweka. Sikuvunja kitu. Mgeni akibisha kwa jirani na jirani hayupo, mnamwacha kwenye mvua?"

"Mnamwambia jirani akirudi," alisema Mama Lucky. "Hamli mgeni wake kimya kimya."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nilipowapungia mkono?"

Mama Shedrack akasema, akitazama mkoba, "Wiki ile ya kwanza nilisema kesho. Kisha wakaanza kumtaja mtoto huyu, nikaona aibu imekuwa kubwa kuliko mimi." Alijaribu kumtazama Tabitha. "Nimekushika kwenye ubatizo, nikakuacha uitwe mwizi."

Tabitha aliitikia kwa kichwa. Hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu.

"Hayo ya Gladys na Hilda yatazungumzwa," alisema Mama Ebenezeri, akiwaita Mama Shedrack na Mama Lucky kwa majina yao wenyewe. "Wadenmaki watahamia leo kwa mwenyewe kwa siku walizobakiza. Sasa nataka kujua kama tuna mlango au turudi kwa Theodory."

Tabitha akawaeleza habari ya mashahidi wawili. Hapo hawakuhitaji maelezo marefu. Waliokuwa na ng'ombe wa watu bandani walielewa kabla hajamaliza. Lakini Mama Lucky alikuwa bado hajatoka kwenye kile kiti.

"Na wewe?" aliuliza. "Ufunguo wako unaofungua kwetu sote?"

"Nimeufunga jana, kwa utaratibu huo huo. Siwezi kuingia popote mpaka wawili kati yenu waandike kwamba wananijua. Utaratibu mpya nao umewaka kwenye ukurasa wa mashahidi tu; kuuwasha kote siwezi bila hivyo. Msiponifungulia, tovuti itabaki ilivyo, imefungwa."

"Tutajuaje hukujiachia dirisha?"

"Kwa leo hamtajua," alisema Tabitha. "Mnaweza kuita fundi mwingine aikague, na nitamwonyesha kila kitu. Lakini leo, ni kuniamini au kutoniamini tu."

Hilo ndilo lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu. Mama Shedrack akainuka nusu, kwenda kwenye kompyuta. "Wewe kaa," Mama Ebenezeri alimwambia, bila ukali, naye akakaa.

Tabitha akafungua ukurasa wa mashahidi. Mwenyekiti mwenyewe alijikokota hadi mbele, akasimama kando ya Mama Lucky, akavaa miwani, akaandika neno lake huku amefunika kibao kwa upande wa kitenge. Kisha akaandika: namjua, ndiye. "Mmoja," alisema, akarudi kwenye benchi lake.

Walitazamana. Kuna aliyekohoa. Kuna aliyesema kwamba yeye neno lake hajalizoea vizuri. Tabitha alibaki amesimama mahali alipokuwa, mikono imeshikana, akingoja, na akaona kwamba anaweza kungoja.

Mama Lucky hakuinuka, kwa kuwa alikuwa tayari kwenye kiti. Alisogeza tu kibao cha herufi karibu na kifua chake, akanyoosha kidole kimoja juu yake, akakiacha hewani. Akamtazama Tabitha aliyesimama begani kwake.

"Naandika neno langu, si lile ulilonipa," alisema. "Geuka huko."

Tabitha akageuka, akatazama dirishani, mvua ikiteremka juu ya migomba, na nyuma yake akasikia herufi zikibonyezwa, moja, kisha nyingine, bila haraka.